Galoni Tatu za Mahurunga

Kuna msomaji wa Masasi ameniandikia barua kwa mkono wa mhariri, ananiuliza kama sioni haya kujianika gazetini wiki hata wiki. Naona haya sana, ndugu yangu. Nisingeona haya ningekuwa nimekwishasahau, nami nimejaribu kusahau nikashindwa.

Kwa aliyefungia maandazi gazeti la wiki iliyopita kabla hajalisoma, mambo yalikuwa hivi.

Mimi Gaudensi, mtu wa kuja, nilikuwa dereva wa Landrova ya ofisi moja ya serikali pale Mtwara. Kila Jumanne ilinipasa kupeleka vitabu, chaki na mafuta ya taa kwa madarasa ya watu wazima huko Mahurunga, jirani na mto Ruvuma. Ng'ambo ya mto watu walikuwa wanapigana, na vita havijui mpaka. Gari la mwenzangu Petro lilikanyaga bomu la kutegwa katika njia za huko, Petro akapoteza mguu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni.

Tangu siku ile Mahurunga sikufika tena. Niliishia Mpapura, nusu ya safari. Hapo nilimkabidhi mzigo Adelino, mchuuzi ambaye wazazi wake walivuka kutoka Msumbiji na mwenyewe anaishi Mahurunga. Aliufunga kwenye baiskeli akaupeleka, na Jumanne iliyofuata akanirudishia karatasi yenye saini ya mwalimu wa kule. Mimi nikampelekea mjini gunia lake la mchele bila nauli. Kisha nililala kivulini mpaka jua lifike mahali pake, nikarudi nyumbani na vumbi la kweli na uchovu wa bandia.

Miezi saba niliishi hivyo. Kebo ya spidi mita ilikuwa imekatika, na ofisini maili zilisomwa kwenye jedwali lililobandikwa ukutani, kwa hiyo hakuna aliyejua.

Niliwaacha pale nilipoitwa ghafla, Jumanne jioni, kwa Ndugu Josephu, mkuu wetu, nikakuta kitabu changu cha safari kimefunuliwa mezani pake.

"Kaa, Ndugu Gaudensi."

Sikukaa. Nilidhani nafukuzwa, na niliona heri nifukuzwe nimesimama.

"Mwaka huu petroli imepanda bei mara ngapi?"

"Nimeacha kuhesabu, mzee."

Nani hakumbuki mwaka ule wa sabini na nne? Waarabu wamefunga bomba, watu walisema, na kituo cha mafuta cha mjini kikawa na foleni inayoanza alfajiri. Wenye magari yao waliyafunika maturubai wakarudi kwenye baiskeli. Sisi wa serikali tulipimiwa petroli kama dawa ya kikohozi.

"Magari yote ya ofisi hii yanakunywa," alisema Ndugu Josephu. "La Issa linakunywa. Langu linakunywa. Kwenda na kurudi Mahurunga, kila dereva aliyewahi kwenda alitumia galoni sita. Wewe je?"

Nikaona kosa langu lote limelala pale mezani.

Nilikuwa nimeziba kila tundu: saini, vumbi, hata saa ya kurudi. Petroli nikaisahau. Kila Jumanne jioni Salumu, mtunza pampu wetu, alilijaza tangi na kuandika alichojaza, na alichojaza kilikuwa cha safari ya Mpapura. Dereva mwizi angezinyonya galoni zilizobaki akaziuza, na hesabu yake ingekaa sawasawa. Mimi sikuwahi kuiba hata kijiko. Uaminifu wangu ndio ulionichongea.

"Tatu," alijijibu mwenyewe. "Galoni tatu! Miezi saba mfululizo!"

Nilifungua mdomo niseme yote. Nawaapia, neno la kwanza lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

Ndugu Josephu alisimama, akaizunguka meza, akanipa mkono.

"Hongera. Katika mkoa mzima hakuna dereva aliyekukaribia. Ripoti nimeshaipeleka Dar es Salaam na jina lako limo. Kesho utawafundisha wenzako."

Ulimi ukarudi ndani. Nikasema, "Asante, mzee." Ndivyo nilivyoingia mtegoni kwa miguu yangu miwili, huku napigiwa makofi.

Kesho yake, Jumatano, madereva tisa walikaa kwenye magogo mbele ya gereji. Ndugu Josephu aliketi pembeni na daftari lake. Issa, dereva wa gari la kliniki, mtu mzima wa Mikindani aliyeshika usukani tangu enzi za mkoloni, alichagua gogo la mbele kabisa.

"Tufundishe, Mwalimu," alisema, na wenzake wakacheka.

Nilianza na ya kweli. Pimeni pumzi za tairi kila asubuhi, maana tairi lililolegea hulivuta gari nyuma. Safisheni chujio la hewa. Vumbi la huku likiliziba, injini inakosa hewa na kudai mafuta. Ondoeni keria ya juu kama hamna mzigo. Msipige resi gari limesimama. Ingieni gia ya juu mapema, mkanyage mafuta kama mnakanyaga yai.

"Na mkuu wa kazi akiwa anaaga wenyeji," niliongeza, "zima injini. Kuaga kwake ni nusu saa."

Wakacheka tena, safari hii pamoja nami. Hata Ndugu Josephu alitabasamu. Nikaanza kujiona mwalimu kweli. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na maji yangu yalikuwa njiani.

Issa hakucheka.

"Hayo tunayajua, Mwalimu. Ukiyafuata yote unaokoa galoni moja. Ukiongeza na dua, moja na nusu. Wewe unaokoa tatu. Zinatoka wapi?"

Ndugu Josephu aliinua kalamu.

"Mteremkoni," nilisema.

"Mteremko upi?"

"Ukishapita Mpapura, njia inapoanza kushuka bondeni. Mimi pale nazima injini kabisa. Naweka fri. Gari linashuka lenyewe mpaka daraja la magogo, silipi hata tone."

Daraja la magogo nililikumbuka kwa sababu ndipo tulipompumzisha Petro siku ile. Sikuwa na kitu kingine cha kukumbuka.

Issa alikunja uso. "Daraja la magogo lipo njia ya zamani. Ile si ilifungwa masika, wakachonga mpya ya kuzunguka?"

Njia mpya! Mimi habari ya njia mpya nilikuwa naisikia pale pale, kwenye somo langu mwenyewe. Adelino hakuwahi kuniambia, nami sikuwahi kumwuliza njia yao ina hali gani.

"Ilifungwa," nilisema. "Imeshafunguliwa."

"Lini?"

"Jana nimepita mwenyewe. Ile mpya inazunguka mno, inakula mafuta."

Issa akashusha macho. "Haya. Mwendaji ni wewe. Mimi mwaka huu sijafika."

Ndugu Josephu alipiga mstari kwenye daftari lake.

"Basi. Kuanzia leo safari ya Mahurunga ni galoni tatu, kwa kila gari. Matangi yote yatanyonywa leo hii yabaki makavu, kisha yatiwe kofuli, na ufunguo utakaa kwa Salumu."

Madereva waliondoka mmoja mmoja bila kuniaga. Mmoja alitema mate karibu na kiatu changu. Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo, na mimi ndiye niliyewategea wenzangu.

Nilifika nyumbani nikiwa mnyonge. Mke wangu Agnes alikuwa anapakua, na mtoto wetu Anna ameshalala.

Agnes alikuwa muuguzi wa kliniki ya watoto. Mboga ya siku ile ilikuwa kambale, wa mwisho kati ya wale niliomletea jana yake. Kila Jumanne Adelino alinipa kambale wa mtoni, amewatunga kwenye ukindu na kuufunga fundo lake la kukunja mara mbili. Nami kila Jumanne nilimwambia Agnes, "Zawadi yako kutoka Mahurunga." Wale samaki ndio waliokuwa mashahidi wangu wakubwa.

"Baba Anna, nina habari," alisema. "Keshokutwa kliniki inakwenda Mahurunga kuchanja watoto. Kuna surua huko. Wauguzi wote wameogopa. Huyu anaumwa tumbo, yule ana mgeni."

"Wana haki ya kuogopa."

"Niliwacheka! Nikawaambia, mume wangu huenda kila wiki, anarudi mzima na kambale mkononi. Mimi mkewe nishindwe? Nimejiandikisha."

Nilirudisha tonge sahanini.

"Mama Anna, usiende."

"Kwa nini?"

Ningemwambia nini? Njia ina mabomu? Angeniuliza, mbona wewe hayakupati? Nikamwambia kuna joto. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mtu wa Mtwara kuogopa joto!

"Nakuonea fahari, Baba Anna," alisema huku akiondoa sahani. "Zamani nilidhani nimeolewa na mtu mwoga. Unisamehe."

Kuna maneno yanayomchoma mtu kwa sababu ni mazuri. Sikulala vizuri.

Ijumaa asubuhi nilikwenda uani mwa ofisi mapema. Salumu alikuwa ameshapima galoni tatu kwenye Landrova ya Issa na anafunga kofuli. Agnes alikaa kiti cha mbele, nguo zake nyeupe zimepigwa pasi, sanduku la chanjo amelipakata.

Issa alikuwa anasema na Ndugu Josephu.

"Nipe nne tu, mzee. Zikibaki nitazirudisha mbele ya macho yako."

"Amri ni tatu."

"Amri haiendeshi gari. Nikikwama huko na mke wa mtu?"

"Gaudensi hajawahi kukwama."

Issa aligeuka akaniona. Alinijia mpaka tukakaribia kugusana, akasema kwa sauti ambayo kila mtu uani aliisikia.

"Gaudensi, tuache utani. Mimi si mtoto na wewe si mtoto. Mkeo yule pale. Mbele yake nakuuliza: galoni tatu zinatosha kwenda Mahurunga na kurudi?"

Agnes alitoa kichwa nje ya dirisha. Alikuwa anatabasamu kama siku ile tulipotoka kanisani, yeye na shela, mimi na suti ya kuazima.

"Mwambie, Baba Anna," alisema.

Msomaji wa Masasi, hapa ndipo penye dhambi yangu. Kuishia Mpapura kulikuwa woga, na woga naamini Mungu huusamehe, maana ndiye aliyetuumba na magoti haya. Lakini pale uani hapakuwa na bomu. Palikuwa na neno moja tu la kusema, na mtu ninayempenda kuliko nafsi yangu amekaa ndani ya gari. Nililitafuta lile neno nikaliona. Nikaliacha.

"Zinatosha," nilisema. "Ukishuka fri, kwa njia ya zamani."

Issa alitikisa kichwa taratibu. "Umesema wewe."

Gari likaondoka. Agnes alipunga mkono mpaka walipokata kona.

Walitakiwa kurudi alasiri. Alasiri ikaja, gari halikuja. Magharibi nikamwambia Anna mama yake amelala kazini. Usiku ule sitausimulia, kila mtu ana wake.

Jumamosi, kabla ofisi haijafagiliwa, nilikuwa mlangoni kwa Ndugu Josephu. Safari hii sikungoja kukaribishwa.

"Mzee, nimekudanganya. Mahurunga sijafika miezi saba. Nilikuwa naishia Mpapura. Galoni tatu ni za Mpapura, kwenda na kurudi. Mke wangu na Issa wamekwama huko. Nifukuze, nifunge, ila nipe petroli nikawachukue."

Nilidhani nikishasema nitasikia mwili umepungua uzito. Wapi!

Ndugu Josephu alikuwa amegeuka rangi. Alikwenda akafunga mlango, akarudi, akakaa. Kwa mara ya kwanza nikamwona kuwa naye ni mtu wa kuja kama mimi, mwenye watoto watano na kazi moja.

"Unajua nilitia saini safari ngapi hizo?"

"Najua, mzee."

"Na ripoti imefika. Wameshanijibu. Wanataka mikoa mingine iige." Aliutazama mlango alioufunga. "Ndugu Gaudensi, sijasikia ulichosema."

"Mzee?"

"Sijasikia. Umekuja kuniambia gari la kliniki limechelewa, nami nakutuma wewe, mjuzi wa njia ile, ukaliangalie. Salumu atakupimia galoni tatu."

"Tatu zitanifikisha tu! Nikifika nitakuwa wa pili kukwama!"

"Nikikupa sita, nitaandika sita kwa sababu gani?" Aliinamia karatasi zake. "Nenda."

Basi nikawa nimeungama, na ungamo langu likakataliwa. Hata kufukuzwa kazi sikufaulu. Mjini kituo cha mafuta kilikuwa kikavu tangu Jumatano, na mwenye petroli nyumbani alikuwa ameificha chini ya kitanda. Nikapokea galoni zangu tatu.

Njiani nilifanya kila nililowafundisha wenzangu. Nilikanyaga yai. Nilizima injini kila penye kimteremko. Na kichwani nilikuwa napanga: nikifika Mpapura nitabakiwa na galoni moja na nusu. Nizinyonye nizitie kwenye dumu, Adelino awapelekee kwa baiskeli. Zitaitoa Landrova ya Issa mpaka Mpapura, hapo sote tungoje msaada, mbali na mto na mabomu yake. Nikienda mwenyewe kwa gari, petroli inaisha nikifika na sote tunabaki kule kule.

Ilikuwa hesabu nzuri, haina kasoro. Nilipoitazama vizuri nikaona ndiyo ile ile ya siku zote: mzigo kwa Adelino, mimi kivulini.

Nilimkuta mahali petu. Alikuwa amelala Mpapura kwa shemeji yake tangu Alhamisi, na baiskeli imeegemezwa ukutani.

"Leo si Jumanne, dereva," alisema. "Siku zimekupotea?"

"Adelino, gari la kliniki umeliona?"

"Nimeliona jana asubuhi. Lilisimama hapa, Issa akaenda kutafuta maji ya rejeta. Mama mmoja wa nguo nyeupe akashuka."

"Ni mke wangu."

"Ndivyo alivyosema baadaye." Adelino alikwaruza kidevu. "Kwanza aliona kambale wangu kwenye usukani wa baiskeli. Akashika ukindu, akaligeuza lile fundo, akalitazama sana. Akaniuliza, kaka, samaki hawa kila Jumanne humpa nani? Nangu, mimi huyu, nikafurahi. Nikamwambia, rafiki yangu dereva Gaudensi. Mtu mwema. Huniachia mzigo hapa, nangu naupeleka nyumbani, naye hunibebea mchele. Nilikosea?"

Nilikaa chini kwenye mchanga.

"Hukukosea. Alisemaje?"

"Hakusema. Macho yalijaa maji. Nikamwuliza kama anaumwa. Issa alipokuwa anarudi akaniambia pole pole, kaka, huyu asisikie habari hii. Nikamwambia haya."

Alinifichia. Amekaa ndani ya gari lenye petroli ya uongo, ameshajua ni ya uongo, na bado alinifichia aibu yangu mbele ya Issa. Aliendelea na safari kwa sababu ya watoto wa watu wanaongoja sindano. Nililia pale, sijali waliokuwa wanapita.

"Alikuachia neno," Adelino aliendelea. "Alisema ukija nikwambie hivi: kambale wa wiki hii, Baba Anna aende akawachukue Mahurunga mwenyewe."

Nililivunja kofuli la tangi kwa jiwe, nikanyonya petroli kwa mpira, nikaitia kwenye dumu, mdomo wote unawaka. Nikalifunga dumu nyuma ya baiskeli. Adelino alinitazama bila kunisaidia. Nilipomaliza nikangoja apande.

Hakupanda. Alishika usukani, akaielekeza baiskeli kwangu.

"Neno ni lako, dereva. Nangu silibebi."

"Mabomu, Adelino."

"Yapo, hayapo, hatujui. Sisi tunapita kila siku. Wewe shika katikati ya njia, pale penye nyayo za watu."

Nikashika baiskeli.

"Breki iko wapi?"

"Breki ni miguu yako."

Nilikuwa nimeshainua mguu nipande, nikakumbuka jambo. "Njia ya zamani inaanzia wapi?"

"Njia ya zamani ya nini?" Adelino alishangaa. "Ile haipitiki. Daraja la magogo lilichukuliwa na maji masika, limebaki shimo. Tumelaza matawi pale njia zinapogawanyika. Hata mtoto wa huku anajua, matawi yakilazwa njiani, njia hiyo imekufa. Issa si mwenyeji wa Mikindani? Anajua."

Issa alijua, ndiyo. Lakini Issa alikuwa na neno la mtu aliyepita Jumanne iliyopita.

Sijui niliiendeshaje ile baiskeli. Petroli ilikuwa inagonga nyuma yangu ndani ya dumu, na mabomu, niliyoyaogopa miezi saba, hayakunijia kichwani hata mara moja. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu: matawi yawe yamelala.

Nilifika njia panda.

Matawi hayakuwa yamelala. Yalikuwa yamesogezwa kando kwa mikono, yamepangwa vizuri, kazi ya mtu anayekusudia kuyarudisha akirudi. Alama za matairi ya Landrova zilipita katikati, zikaingia njia ya zamani. Alama za kurudi hazikuwepo.

Mbele yangu ulikuwa ule mteremko niliouhubiri, wa kuzima injini na kuweka fri. Ulikuwa mrefu na mkali kuliko nilivyousimulia, na chini ulikunja kona ukaingia vichakani, usione kilichoko.

Nilikusanya pumzi zote nilizokuwa nazo.

"Agneees!"

Kimya. Nikaita tena, nikataja jina lake na la mtoto wetu.

Kutoka kule chini, mbali, mtu aliitika. Haikuwa sauti ya Agnes.